Mwanakikundi Anapokwama: Upatu, Vikoba na Ujirani Wakati wa Ukata



Tumezoea kuvisifu vikundi vyetu kwa ukubwa wa mgao. Mimi naomba tuviangalie siku ambayo mwanachama mmoja hana cha kutoa.

Nianze na upatu. Wanawake 10 wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam wakitoa shilingi 20,000 kila wiki, anayefikiwa na zamu huondoka na 200,000, bila riba wala fomu. Kijumbe ndiye anayekusanya na kupanga zamu. Januari inapofika, mwenye nyumba wa mmoja wao anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mtoto wake anatakiwa kuripoti kidato cha kwanza. Mama huyo humfuata kijumbe jioni, kijumbe humfuata aliyekuwa apokee wiki hiyo, zamu zinabadilishwa, na wengine hawajui kwamba kuna aliyekwama. Naithamini sana siri hiyo. Mtu amesaidiwa na heshima yake imebaki.

Kikoba kina utaratibu mzito zaidi. Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika: wanachama hununua hisa na kukopeshana kwa riba, na fedha hukaa kwenye sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo na mshikaji wake. Upo pia mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa, usiodai riba.

Sasa biashara ikiyumba, marejesho huchelewa na faini hupanda. Wapo wanaokwenda nyumbani kwa mwenzao kubeba televisheni na godoro, hata jiko la gesi analopikia chakula cha kuuza. Wakishalibeba jiko, atalipa kwa kupika nini? Kwa kuikimbia aibu hiyo, wengi huenda kuchukua mkopo wa riba kali uitwao kausha damu ili wakalipe kikoba. Daftari la kikundi litaonyesha kuwa mkopaji amelipa, na kikundi kitajiona kizima, kumbe jirani yao amezama zaidi. Linaniuma hili.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Usajili ni jambo jema, ila namna ya kumbeba aliyekwama ni lazima tuiandike wenyewe. Napendekeza katiba ya kila kikundi iwe na kifungu kimoja: anayetoa taarifa mapema asimamishiwe riba na faini kwa muda utakaokubaliwa, mfuko wa jamii umsaidie chakula, na chombo cha kazi, liwe jiko au cherehani, kisiguswe kamwe.

Kifungu hicho kiandikwe Desemba, vikundi vikishavunja mzunguko na kugawana, kabla mkopo wa kwanza wa mwaka mpya haujatoka. Wakati huo hakuna anayedaiwa, na kila mmoja atakuwa anajiandikia mwenyewe.