Seremala Asiyeona na Usalama wa Karakana ya Chama

(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Bagamoyo na mwambao wake)



Katika mwambao huu, kuanzia Mapinga na Kerege, kupitia Mlingotini na Kaole, hadi Bagamoyo mjini na kuendelea Winde na Saadani, useremala ni kazi ya siku nyingi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, useremala ulikuwa miongoni mwa kazi walizofundishwa watu waliokombolewa utumwani. Mafundi wa mashua nao wamerithishana ufundi wao kutoka baba hadi mwana, aghalabu bila ramani ya karatasi. Hata leo hakuna kijiji kisichohitaji mtu wa kuunda kitanda, kuchonga mbuzi ya kukunia nazi, au kurudishia bawaba ya dirisha iliyoliwa na chumvi ya bahari.

Basi na uwekwe mfano. Seremala mwanachama, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, macho yake yanaanza kufifia. Mwanzo anasogeza ubao karibu na dirisha. Baadaye anamwomba kijana amsomee futi kamba. Mwishowe nuru inazimika kabisa. Wenzake ni watu wema. Wanakwenda kumpa pole, na mkutano unaamua asaidiwe kidogo kila mwezi. Papo hapo meza yake ya kazi anapewa mwingine. Miezi inapita, msaada unapungua, kisha unasahauliwa. Katika muda wote huo hakuna aliyemwuliza swali moja: Je, mikono nayo imesahau kazi?

Swali hilo ndilo shina la maneno haya, kwa maana jawabu lake laweza kumrudisha mtu kazini au kumfanya ombaomba.

Kabla ya yote, yafaa mwanachama wa namna hiyo afikishwe hospitali yenye mganga wa macho. Mtoto wa jicho ni chanzo kikubwa cha upofu duniani, nao huondolewa kwa upasuaji. Presha ya macho, kwa upande mwingine, hula nuru pole pole, na ile iliyokwisha kupotea hairudi. Lakini ikigunduliwa mapema, iliyobaki yaweza kuhifadhiwa. Si haki mtu akae gizani kwa ugonjwa unaotibika, eti kwa sababu wenzake walidhani ni uzee.

Lakini wako wasioona ambao nuru yao haitarudi. Hao nao kazi haijawafungia mlango. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Arthur Pearson, mwenye magazeti wa London ambaye mwenyewe alikuwa amepofuka, alianzisha nyumba ya St Dunstan's kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani. Miongoni mwa kazi walizofundishwa ni useremala. Karibu na hapa, Machakos nchini Kenya, kilianzishwa chuo cha kuwafundisha wasioona ufundi. Na Dar es Salaam, Chuo cha Yombo kilianzishwa kwa ajili ya mafunzo ya ufundi kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kinachoulizwa leo ni namna gani asiyeona afanye kazi hii pasipo kuumia. Kwamba anaiweza, hilo lilikwisha kujulikana zamani.

Kwanza ni kipimo. Wazee wa pwani walipima kwa shubiri, dhiraa na pima: shubiri mbili ni dhiraa moja, na dhiraa nne ni pima moja. Vipimo hivyo vilikaa mwilini mwa fundi, wala havikuhitaji macho kusomwa. Kwa kazi ya leo, rula ya ubao mgumu yatosha, ikichongwa alama kwa kisu: mkato mfupi kwa kila sentimita, mkato mrefu kwa kila sentimita tano, na kichwa cha msumari mdogo kwa kila sentimita kumi. Kazi inayorudiwa mara nyingi, kama miguu ya viti, ikatiwe fito moja ya mfano, kila mguu ulinganishwe nayo. Alama juu ya ubao isiandikwe kwa penseli. Ikwaruzwe kwa ncha ya kisu kandokando ya guni, ili ukucha uikute.

Pili ni kushika. Kanuni hapa ni moja: ubao ushikwe na jiliwa, usishikwe na mkono. Mkono unaoshika ubao ndio unaokatwa. Ubao ukisha kubanwa, fundi hufunga kando ya alama kipande kingine kilichonyooka, na msumeno hutembea ukikiegemea kama mtu aegemeaye ukuta wa uchochoro. Anapotumia patasi, mikono yote miwili hukaa nyuma ya makali, wala kamwe haitangulii mbele yake. Anapopiga msumari, hutoboa kwanza tundu dogo kwa keekee, huushika msumari kwa koleo badala ya vidole, hugonga pole pole hadi usimame, kisha huondoa koleo na kupiga kwa nguvu. Haraka haraka haina baraka. Na katika karakana ina damu.

Tatu ni kinga. Wako wanaodhani kuwa asiyeona hahitaji miwani ya kazi, kwa kuwa hana cha kupoteza. Fikira hiyo ni potofu. Wengi wanaoitwa vipofu bado wana chembe ya nuru, nayo ni mali kubwa kwao. Hata jicho lisiloona kabisa huumia, huoza na kuleta maradhi. Na wale wanaoona wakumbuke habari ya Louis Braille, Mfaransa aliyewatengenezea wasioona maandishi ya nukta. Alizaliwa mwaka 1809 akiwa na macho mazima. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alichezea chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, mshona matandiko ya farasi. Jicho moja likachomwa, maradhi yakaenea hadi la pili, naye akapofuka kabisa. Karakana iliyoachwa ovyo ilimpofusha mtoto asiye na hatia. Kadhalika vumbi la mvule huwasha pua na ngozi. Kitambaa au barakoa puani ni lazima kwa kila mtu.

Hata hivyo, ndugu wanachama, msumeno na patasi sio hatari iliyo kubwa kwa seremala asiyeona. Msumeno anaujua. Anajua meno yake yanaelekea wapi, kwa maana yeye mwenyewe ameuweka. Hatari kubwa ni mwenzake anayeona, ambaye huchukua patasi, huitumia, na kuiweka mahali pengine, makali juu, asiseme neno. Anayeona akirudi ataiona. Asiyeona ataikuta kwa kiganja.

Ndiyo maana usalama wa fundi huyu hauwezi kuwa shauri lake peke yake. Anaweza kuwa mwangalifu kuliko watu wote na bado akaumizwa na uzembe wa mwingine. Usalama wake ni utaratibu, na utaratibu wa karakana ya ushirika ni mali ya wanachama wote, kama ilivyo mizani na daftari la fedha. Basi kila chombo kiwe na tundu lake ukutani au kisanduku chake mezani, na makali yaelekee upande mmoja siku zote. Patasi na misumeno ivishwe ala. Mbao zisiegemezwe njiani. Misumari iliyong'olewa ikusanywe mkebeni saa ile ile. Anayeingia aseme jina lake. Na anayeazima chombo aseme ameazima, kisha aseme amekirudisha. Mambo haya hayagharimu hata senti moja.

Tena utaratibu huo haumfaidi asiyeona tu. Karakana ambayo asiyeona anaweza kupita bila kujikwaa, mwenye macho naye hajikwai, hata umeme unapokatika jioni.

Nne ni mashine. Msumeno wa umeme si wa kuguswa na mtu yeyote ambaye hajafundishwa, anayeona au asiyeona. Mwenye kufundishwa huutumia ukiwa na kikinga chake, na ubao husukumwa kwa kijiti, vidole vikiwa mbali. Kwa asiyeona kuna sharti la ziada: sikio lake ndilo jicho lake. Kwa sauti hujua kama msumeno unakata sawasawa au unakwama, na akisha kuuzima hungoja hadi mlio ufe kabisa ndipo anyoshe mkono. Kwa hiyo, wakati anapotumia mashine, mashine nyingine zizimwe, redio ifungwe, na mtu asimwite wala kumgusa begani. Pale ambapo chama hakiwezi kutimiza masharti hayo, heri apewe kazi za mkono: kuunganisha ulimi na tundu lake, kupiga msasa, kufuma vitanda kwa kamba, kurekebisha viti. Katika kupiga msasa, vidole huhisi kwaruzo dogo ambalo macho hulipita.

Tano ni matengenezo ya nyumbani, maana huko hakuna jiliwa wala msimamizi. Kitasa, bawaba, mguu wa meza na mlango unaokwama ni kazi ambazo asiyeona aweza kuzitenda mwenyewe, akiandaa vyombo vyake ndani ya sinia moja yenye kingo, ili kisianguke hata kimoja. Parafujo ziwekwe katika kikombe mara tu zinapotolewa. Ngazi isimamishwe kwa kipimo: ikiwa mahali inapoegemea ni mita nne kutoka ardhini, miguu yake iwe mita moja kutoka ukutani. Juu ifungwe kwa kamba, chini ashikilie mtu, na anayepanda ahesabu vipago akipanda na akishuka. Kazi ya paa yafaa ifanyike chini kadiri iwezekanavyo: makuti yasukwe na kenchi zipimwe ardhini, kisha wenye macho wapandishe. Juu ya umeme, neno ni fupi: umeme wa nyumbani ni volti 230, nao huua. Swichi kubwa izimwe kabla ya kutoboa ukuta, na kazi ya nyaya aachiwe fundi umeme aliyesajiliwa. Na ye yote aliyechomwa na msumari wenye kutu au mchanga aoshe jeraha kwa maji na sabuni, aende zahanati siku hiyo hiyo kwa ajili ya kinga ya pepopunda.

Sasa limebaki neno kwa makatibu. Kanuni ya kwanza ya ushirika ulimwenguni ni uanachama wa hiari ulio wazi kwa watu wote bila ubaguzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inakataza kumbagua mtu kwa ajili ya ulemavu wake. Kwa hiyo mwanachama aliyepoteza macho hakupoteza hisa yake, wala kura yake, wala haki yake ya kuomba mkopo wa vyombo. Hesabu za chama asomewe kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, mbele ya shahidi anayemchagua yeye, kabla ya kutia dole gumba. Katibu anayemwambia "tia hapa tu, mzee, mambo ni yale yale" amevunja uaminifu, hata kama hesabu ni safi.

Wala meza yake isigawiwe mwingine kwa huruma. Kwanza aulizwe. Apewe wiki kadhaa za kujaribu, akiwa na mwenzake mmoja anayemwamini, katika karakana iliyopangwa kama ilivyoelezwa. Akipenda mwenyewe kuacha, ni hiari yake. Akitaka kuendelea, alipwe kwa kazi yake kama wengine, kiti kwa kiti, kitanda kwa kitanda. Na wanafunzi wa ufundi wawekwe karibu naye, kwa sababu miaka thelathini ya kujua mvule na mninga kwa harufu na uzito haimo katika kitabu cho chote.

Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Hakuna katika wasikilizaji hawa aliye na hati ya kumhakikishia macho yake hadi kaburini. Kila chama kikirudi nyumbani, na kianze na jambo dogo: siku moja, kabla ya kazi, wanachama wafumbe macho, kila mmoja atafute patasi yake kwa mkono. Watakapoona vigumu, au watakapoogopa kunyosha mkono, watakuwa wamekwisha kujua karakana yao ina kasoro gani, na waanze kuitengeneza siku hiyo hiyo.