Akishatulia Msimsahau
(Maneno kwa vikundi vya Kisii na Nyamira)



Mgonjwa wa skizofrenia akipiga kelele, kijiji kizima hukimbilia kwake. Akipata dawa, sauti zile zikanyamaza, tunarudi kuchuma majani chai. Hapo ndipo mimi huogopa. Akili ikirudi anaanza kuhesabu: masomo yaliyokatika, mke aliyerudi kwao, watoto wanaomkimbia. Anakaa nyuma ya nyumba siku nzima, hali chakula, usingizi hana. Nasi tunasema ni mvivu, au amerogwa tena!

Huenda ni ugonjwa wa huzuni umeongezeka juu ya ule wa kwanza. Huenda pia dawa inamlegeza. Msimwachishe, mrudisheni kliniki ya akili pale hospitali kuu ya Kisii, daktari aangalie kipimo.

Tena muulizeni wazi kama anafikiria kujiua, hasa wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Wala asiogope kusema kwa sababu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na dawa ya kupe ifungiwe mbali.

Kikundi kikienda kupalilia, mpitieni. Akilima mistari miwili tu, mpeni chai kama wengine.