Kuchagua Vipindi vya Sauti kwa Ajili ya Darasa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bariadi)



Nimepewa nafasi ya kusema juu ya ajenda ya nne, yaani pendekezo la kuinunulia shule yetu spika na vifaa vya kusikilizia vipindi vya sauti, vile ambavyo siku hizi vinaitwa podikasti. Mimi ni mtumishi wa serikali na kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikiuliza swali la mkaguzi: tukishanunua chombo, nani atakagua kitakachopita ndani yake?

Kwa faida ya wazee waliopo, podikasti ni kipindi kama cha redio, ila hakimngoji msikilizaji saa fulani. Hupakuliwa mara moja kutoka katika intaneti, kikahifadhiwa, kikasikilizwa wakati wowote bila kununua bando jingine. Kipindi cha maneno cha nusu saa huchukua kama megabaiti 15 hadi 30. Kadi ndogo ya gigabaiti 32 yaweza kubeba vipindi kama elfu moja. Kwa shule ambayo mtandao wake hupatikana leo na kesho ukapotea, hiyo ni neema.

Lakini ndugu zangu, kufundisha kwa sauti si jambo jipya katika nchi hii. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini wakasikiliza Radio Tanzania. Wengi husahau kwamba redio ilikuwa sehemu moja tu ya kazi ile. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu cha kufuatisha. Watu walisikiliza, wakajadili, wakaamua, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio peke yake isingechimba hata kimoja.

Nasi tuliosoma miaka ya tisini tunamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori wa mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa mwaka 1993 kufundisha juu ya UKIMWI na uzazi wa mpango. Wenye mchezo ule hawakutosheka na kusifiwa. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia, waone kama mienendo ya watu imebadilika kweli. Huko ndiko kupima. Kusema "wanafunzi wamefurahi" si kupima.

Sasa, tutavipataje vipindi vyema? Tusianze na majina yanayovuma. Mwalimu aanze na mada iliyomshinda kueleza ubaoni, kisha atafute kipindi cha mada hiyo. Aanzie kwa watangazaji wanaojulikana. Deutsche Welle, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2008 mfululizo wa Noa Bongo kwa Kiswahili, mahsusi kwa vijana wa Afrika. BBC ina kipindi cha 6 Minute English, cha dakika sita, chenye maandishi ya kufuatisha yanayopatikana bure. Maandishi hayo ni muhimu sana. Mtoto wa Dutwa au Itilima huzungumza Kisukuma nyumbani, husoma kwa Kiswahili shule ya msingi, na akifika Kidato cha Kwanza hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Ukimfungulia Mwingereza anayesema haraka, bila maandishi mbele yake, umempa kelele, hukumpa somo.

Kila mtu wa hapa anajua kwamba pamba haipelekwi kwenye mzani kabla ya kuchaguliwa. Safi huwekwa mbali na fifi. Vipindi navyo vichaguliwe hivyo hivyo, kwa maswali matano.

La kwanza: nani anasema, naye amejuaje? Siku hizi kompyuta yaweza kutengeneza sauti tamu ya mtu asiyekuwapo, ikasoma jambo lisilokuwapo. Kipindi kisichomtaja mwandishi wala chanzo chake kiwekwe kando.

La pili: kilitengenezwa lini? Kipindi cha jiografia cha mwaka 2010 kitawaambia wanafunzi hawa kwamba Bariadi ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Wakati huo ilikuwa kweli. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Kama habari za kwetu zimechakaa hivyo, na hizo tunazijua, je, zile tusizozijua?

La tatu: kinalingana na muhtasari wa somo na umri wa msikilizaji? Ubongo Kids ni kazi nzuri ya Watanzania, lakini ilitungwa kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi. Kijana wa Kidato cha Tatu ataona anachezewa.

La nne: kimebeba nini pembeni? Vipindi vingi hukatizwa na matangazo ya biashara, yakiwamo ya kubeti. Hatuwezi kumkataza kijana kubeti, kisha tukamletea tangazo lake darasani kwa spika tuliyomchangia wenyewe.

La tano: baada ya kusikiliza, mwanafunzi atafanya nini? Somo ni dakika 40. Dakika kumi za kusikiliza zatosha. Zinazobaki ni za maswali, ubishi na kuandika. Na mwalimu asisahau bati la darasa. Mvua ikinyesha hakuna spika itakayosikika, kwa hiyo awe na somo jingine mkononi.

Ndugu Mwenyekiti, sipingi ununuzi. Naomba tu uamuzi wetu uongezwe mambo matatu. Mosi, iundwe kamati ndogo ya walimu watatu na wanafunzi wawili, na sehemu ya michango yetu iwalipie walimu hao muda wao na gharama ya kupakua. Pili, kuwe na daftari. Kipindi kisiingie darasani kabla watu wawili hawajakisikiliza chote, mwanzo hadi mwisho, wakaandika majibu ya maswali haya matano na kutia sahihi. Tatu, tujifunze kwa mfano wa Dodoma: mkondo mmoja wa Kidato cha Pili usikilize, mwingine ufundishwe mada ile ile kama kawaida, wote wafanye jaribio moja, kisha juma linalofuata mkondo wa pili nao usikilize ili asipunjike mtu. Mwakani hapa tuletewe alama, tuone.

Wako watakaosema haya yatachelewesha mambo. Ni kweli, yatachelewesha kwa muhula mmoja. Lakini michango hii imetoka kwa watu ambao wengine wameuza pamba, wengine wamekatwa mishahara. Spika inayofunikwa vumbi ofisini haina faida kwao, na spika inayofundisha uongo ni hasara kubwa zaidi.

Nanyi wanafunzi, mkiwa likizo na simu za wazazi mikononi, maswali haya matano ni yenu pia. Mtakaposikia sauti yoyote ya kupendeza, ulizeni: nani huyu, naye amejuaje?