Nafasi ya Wazee na Askari Waliolemaa katika Sikukuu za Taifa



Nchiru, katika Tigania, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, ni mahali ambapo mzee hana haja ya kuomba kiti. Hapo ndipo ilipo nyumba ya baraza la Njuri Ncheke, na kila mwenyeji ajua kuwa penye wazee haliharibiki neno. Basi ni jambo la kusikitisha ikiwa mzee huyo huyo, siku ya sikukuu ya taifa, ataachwa nyumbani au kusimamishwa juani nyuma ya kamba.

Wastahilio heshima ni wengi. Wako askari wa K.A.R. waliopigana Uhabeshi mwaka 1941, na Burma mwaka 1944 na 1945. Baadhi yao walirudi wamelemaa. Wako pia waliopigania uhuru msituni tangu mwaka 1952, chini ya wakuu kama Musa Mwariama wa Meru. Wengine waliumizwa kizuizini. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kutoa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Lakini fedha haziwezi kushika mahali pa heshima mbele ya watu.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya tarehe 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa. Kifungu cha 54 chawapa wenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa watu, na kifungu cha 57 chataka wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Tarehe 1 Juni 2018 sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa katika uwanja wa Kinoru, mjini Meru. Kwa kijana safari ya kutoka Nchiru hadi huko ni fupi; kwa mzee wa mkongojo ni ndefu mno.

Kwa hiyo yafaa kamati za sikukuu zitengeneze mambo haya mapema. Kwanza, gari la kuwachukua wazee na kuwarudisha makwao. Pili, viti vya kivulini karibu na jukwaa, njia isiyo na ngazi, maji, na choo kilicho karibu. Tatu, mkalimani wa lugha ya ishara. Nne, nalo ndilo kubwa, waulizwe wenyewe kabla ya siku hiyo na wapewe nafasi ya kusema, wasiletwe kupigwa picha tu. Na asiyeweza kuondoka kitandani, wajumbe na wamwendee.

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1952 alitimiza miaka 90 mwaka 2022. Mtu wa umri huo haambiwi angoje sikukuu ijayo.