Vakansi bila franka: maneno kwa wazazi



Masomo imefungwa, batoto wako nyumbani mpaka mwezi wa 9. Franka hakuna, tunajua. Lakini mtoto asiye na kazi anafuata wenzake, na wenzake wanaelekea mgodini. Serikali ilifunga Shinkolobwe mwezi wa 1 wa 2004, watu wakaendelea kuchimba. Mwezi wa 7 udongo ukaanguka, wachimbaji wakakufa. Wengine kati yetu tulikuwa pale. Tena jiwe la pale si la kuchezea: uranyumu yake iliingia katika bomu la Hiroshima, 1945. Hatari yake haina harufu, vumbi inaingia mwilini kimya. Mtoto asilete jiwe nyumbani, hata likiwa na rangi nzuri ya manjano ao kijani.

Basi tufanye nini? Tuko kipwa, mvua haitusumbui. Mpira wa masashi unatosha kwa kiwanja kizima. Baba aonyeshe kijana kutengeneza motokari ya waya. Wasichana nao wasiachiwe vyombo tu, waruke kamba. Jioni baridi inapiga: tuwashe moto, nkambo atuambie habari za Kalulu. Mimi nilidhani batoto wa leo hawazipendi. Juzi kwangu walikataa kulala.

Kuchunga ni kwa zamu: wamama wawili wabaki na batoto, wengine waende shamba ao soko. Siku ya mposho bado haina watu. Anayeweza aniambie kisha mkutano, mbele hajarudi kwake.