JOTO LA NYUMBANI NI SEHEMU YA HAKI





Tumekusanyika katika majira ambayo sisi wakazi wa nyanda za juu kusini tunayafahamu vema. Tangu Juni hadi Agosti baridi ya Njombe, Makete na Mufindi huingia hadi mifupani. Na kwenye uwanda wa Kitulo, katika mwinuko unaozidi meta 2,600, umande wa alfajiri huweza kuganda ukawa sakitu. Baridi hiyo tumeizoea. Lakini yatupasa tujiulize ni nani hasa anayeumizwa nayo, na kwa nini mara nyingi ni yule yule maskini.

Huenda mmoja wetu akauliza: Tume ya Haki na Amani ina habari gani na mablanketi na mkaa? Jibu ni la kale. Sheria iliyoandikwa katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, ilimwamuru mkopeshaji arudishe kabla ya machweo joho lililowekwa rehani na maskini, kwa kuwa hilo ndilo la kujifunika usiku. Naye Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, anamkemea anayemtakia joto ndugu asiye na nguo huku asimpe chochote. Basi joto la maskini ni deni lililo juu yetu.

1. Tulitunze joto tulilo nalo

Mwili wenyewe ni jiko lisilonunuliwa. Nguo hazitengenezi joto, bali huzuia joto la mwili lisitoroke. Ndiyo maana nguo mbili tatu nyepesi, zilizovaliwa moja juu ya nyingine, mara nyingi hufaa kuliko moja nzito: hewa iliyonaswa kati yake hugeuka kinga. Kichwa na miguu visisahauliwe. Aidha nguo yenye unyevu huunyang'anya mwili joto. Kwa hiyo mablanketi yaanikwe juani mchana, na yaingizwe ndani kabla umande haujashuka.

Nyumba nayo ni vazi. Hewa yenye joto hupanda juu, na katika nyumba ya bati isiyo na dari hutokomea huko. Katika chumba cha kulala kisichowashwa moto, dari ya mbao, ya mikeka, au hata ya viroba vilivyoshonwa pamoja, huleta tofauti kubwa. Nguo kuukuu iliyokunjwa huziba upenyo wa chini ya mlango. Mkeka hutenga miguu na sakafu ya saruji. Mwezi Juni jua hupita upande wetu wa kaskazini. Basi mapazia ya mashariki na ya kaskazini yafunguliwe mchana, yakafungwe jua linapoelekea kutua.

Moto wa kupikia nao ufanye kazi zaidi ya moja. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa mkaa mchache. Chungu kilichokwisha kuchemka, kikifunikwa na kuwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au maranda makavu, huendelea kuivisha chakula bila moto. Makaa yanayobaki yachemshe maji, kisha yakiisha kupoa kidogo yatiwe katika chupa imara, ifungwe barabara, iviringishwe kitambaa, na iwekwe kitandani miguuni pa mzee.

Wenye umeme nao wafahamu hesabu yake. Hita ya wati 1,000 humaliza uniti moja kwa saa moja. Taa ya wati 10 ingehitaji saa 100 kumaliza uniti hiyo hiyo. Ikiwa ni lazima kuwasha hita, familia yote na ikusanyike katika chumba kimoja.

2. Tusinunue joto kwa uhai

Hapa twawaomba msikilize kwa makini. Habari za watu kulala na jiko la mkaa chumbani, wasiamke asubuhi, zimesikika mara nyingi nchini mwetu.

Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikashindwa kubeba uhai. Wengi hudhani kwamba makaa yakishakuwa mekundu, bila moshi, hatari imekwisha. Sivyo: moshi umekwisha, sumu ingalipo. Wengine huweka beseni la maji kando ya jiko. Maji hayaiondoi sumu hiyo. Tena ule uangalifu wetu wa kuziba nyufa, tulioueleza hapo juu, hugeuka kifo mara jiko liingiapo ndani.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Watu kadhaa wa nyumba moja wakipatwa nazo kwa pamoja, watolewe nje upesi kwenye hewa safi na wapelekwe hospitali. Mama mjamzito na mtoto mchanga wamo katika hatari kubwa zaidi. Kanuni ni moja: tuote moto mahali palipo wazi, na kabla ya kulala jiko litolewe nje.

Kifo cha namna hiyo hakina jeraha wala harufu, nacho huweza kuwafanya watu wamtafute mchawi. Hapo bibi kizee mjane huhukumiwa kwa kosa lililofanywa na jiko. Kufundisha ukweli huu, basi, ni kuwalinda walio hai mara mbili: dhidi ya sumu, na dhidi ya uongo.

3. Joto ligawanywe kwa haki

Tutazame ndani ya nyumba zetu. Ni nani hukaa karibu na moto? Msichana wa kazi hulala wapi, naye amepewa mablanketi mangapi? Mwenye nyumba apokeaye kodi kila mwezi hana budi kukitengeneza kioo kilichovunjika. Na mlinzi wa usiku, hata yule wa parokia yetu, ana koti, ana kibanda, ana chai ya moto?

Tukumbuke pia msitu. Tanuru la udongo la kienyeji kwa kawaida hutoa mkaa usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa kuni zilizochomwa. Kila gunia tunaloliacha bila kulinunua ni miti iliyobaki imesimama na chemchemi iliyofunikwa kivuli. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Nasi katika jiko la mkaa twavisikia vyote viwili.

Ndugu wapendwa, kabla ya baridi kuzidi, kila jumuiya na itembelee nyumba za wajane, wagonjwa na wazee wanaoishi peke yao. Twende na nyundo, mbao na blanketi. Tuzibe upenyo, tutoe jiko chumbani, kisha ndipo tusali pamoja nao.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika eneo letu, ni nani analala kwa baridi usiku huu, nasi tunamjua kwa jina?
2. Ni nyumba zipi ambamo jiko la mkaa huingizwa chumbani usiku? Nani atakwenda kuzungumza nao kwa upole?
3. Tutafanya nini kwa pamoja kabla ya Jumapili ijayo?