Akili, Imani na Neno "Sijui"



Wavuvi wa Feri wana elimu yao. Wanazijua siku za bamvua na siku za maji mafu kwa kuutazama mwezi. Elimu hiyo ni ya kweli, kwa kuwa mwezi ndio uvutao bahari, maji yakajaa na kupwa. Akili ni zawadi ya Mungu; Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Fides et Ratio wa mwaka 1998, alifundisha kwamba imani haina sababu ya kuiogopa.

Lakini chombo kisiporudi pwani, mjane haulizi habari za upepo. Huuliza: "Kwa nini mume wangu?" Hapo hawakosekani wa kumjibu upesi. Mmoja humwambia amelogwa na jirani. Mwingine, pengine mwenye rozari mkononi, humwambia ni adhabu ya dhambi.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikana kwamba hao walikuwa wakosefu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Hakueleza kwa nini wao. Aliwataka wasikilizaji wake watubu.

Basi tusijidai kuvuka mpaka wa akili, wala tusisimame kabla ya kuufikia. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Kusema "ni mapenzi ya Mungu" na kunyamaza ni kumsingizia Mungu uzembe wa wanadamu. Palipo na sababu inayojulikana, tuitafute, tuirekebishe.

Hata hivyo, sababu zote zikishajulikana, swali la mjane hubaki. Mtakatifu Tomaso wa Akwino mwenyewe, bingwa wa kufikiri, aliweka kalamu chini Desemba 1273, kitabu chake kikuu hakijaisha.

Katekista, ukiitwa msibani, usione haya kusema "sijui", kisha ukae mkekani pamoja na wafiwa. Lakini ukisikia bibi kizee anatajwa kuwa mchawi, usinyamaze: uliza, kwa ushahidi gani? Mungu hakumpa mjane maelezo. Alimpa Mwanawe, ambaye msalabani naye aliuliza kwa nini.

Amina.